Chombo cha kuvulia cha bei nafuu: bei iulize mwisho

Najua nimepotea, msinilaumu. Zamu za saa kumi na mbili zikifuatana tatu, mtu unarudi nyumbani kama gunia, ni kulala tu. Lakini leo nipo mapumziko, na kuna jambo limenijaa kifuani. Naona bora nilitoe mbele ya ukoo mzima kuliko kumjibu mmoja mmoja kwenye simu.

Tangu niweke ile picha yangu nikiwa juu ya kayaki na fimbo ya kuvulia mkononi, simu hazikatiki. Shemeji wa Pangani anataka nimtumie kayaki kama ile ile. Binamu anasema kayaki ni mchezo wa watoto, bora pikipiki ya majini, ile jetski. Na mdogo wangu, kitinda mimba wa mama, yeye kaja na hesabu kamili: boti ya faiba na mashine ya nguvu za farasi 15, "dada ukijibana miezi sita tu, umemaliza." Mama mdogo naye kapiga jana kuniuliza kwa nini nina roho ngumu kwa ndugu zangu. Haya, jibu langu ni hili, na leo nalitoa kwa urefu.

Mtu mwenye pesa kidogo anayetafuta chombo kidogo cha kuvulia, kitu cha kwanza anauliza bei. Mimi nasema bei iulizwe mwisho. Kuna maswali matatu yanatangulia. La kwanza: je, mtu mmoja anaweza kukiingiza majini na kukitoa bila kuita watu? La pili: akianguka, anaweza kupanda tena peke yake? La tatu: kikipasuka, fundi yuko wapi? Chombo kinachoshindwa hata swali moja kati ya hayo ni ghali, hata upewe bure. Wazee wetu walishasema rahisi huvunja upishi, na baharini hakivunjiki chungu peke yake.

Sasa nieleze kwa nini mimi hapa Texas nilichagua kayaki. Ghuba ya Galveston ni kubwa lakini ina kina kifupi, sehemu nyingi hazifiki mita tatu, na pembezoni kuna vinamasi vya majani ambako boti kubwa inakwama. Samaki tunayemtafuta hasa ni yule wanayemwita redfish, mwenye doa jeusi karibu na mkia, anapenda kula kwenye maji yanayofika magotini tu. Kumfuata huko unahitaji kitu chepesi, kisicho na kelele. Halafu sheria ya hapa inamruhusu mtu kuchukua redfish watatu tu kwa siku, na kila mmoja awe kati ya inchi 20 na 28. Sasa samaki watatu unahitaji boti ya nini jamani? Hii kwangu ni kitoweo na kupumzisha akili baada ya wodi. Silishi familia kwa uvuvi. Hilo mlishike, nitalirudia.

Kayaki zipo za aina nyingi. Kuna ile ya kuingia ndani, miguu inazama kwenye tundu, na kuna ile ya kukaa juu. Kwa kuvua mimi nasema ile ya kukaa juu, bila mjadala. Ina matundu yanayopita mpaka chini, maji yakiingia yanatoka yenyewe, na ukianguka unaigeuza, unapanda. Ile ya kuingia ndani ikijaa maji ukiwa mbali na pwani, kuikausha ni shughuli ya watu wawili. Zipo pia za kujaza upepo, zinakunjwa zinaingia kwenye buti ya gari, bei yake inavutia. Lakini ndoana, miiba ya samaki na magamba ya chaza ni maadui wa mpira, na pwani ya huku imejaa chaza.

Vipimo navyo msivipuuze. Ya kukaa juu yenye urefu wa mita tatu hadi tatu na nusu, upana kama sentimita 80, inamtosha mtu mmoja. Ikiwa nyembamba inakwenda kasi lakini inayumba, ikiwa pana imetulia lakini kuivuta ni jasho. Angalia uzito inaobeba, halafu usiujaze wote. Wavuvi wa hapa husema ishia kama theluthi mbili. Kama imeandikwa kilo 150, basi wewe, maji ya kunywa, nanga, barafu na samaki msizidi kilo 100. Na uzito wa kayaki yenyewe ndio unaojibu swali langu la kwanza. Ya kawaida ina kilo 25 hadi 35. Zile za kukanyaga pedeli ni nzuri kweli, mikono inabaki huru kushika fimbo, lakini nyingi ni nzito zaidi na bei yake inaweza kupita dola 2,000. Mimi mwanamke mmoja baada ya zamu ya usiku siwezi kuinua kitu hicho juu ya gari. Kwa hiyo kwangu si rahisi, basi.

Kayaki za kuanzia madukani ni dola 300 hadi 600. Yangu ni ya mkono wa pili, nilitoa dola 350 pamoja na kafi. Ukinunua ya mkono wa pili igeuze, papasa chini kwenye mkuku na kuzunguka yale matundu, ndiko nyufa zinakoanzia. Kama plastiki imepauka kwa jua na ukiibonyeza inalia, iache. Kuna faida nyingine: kayaki isiyo na mashine huku haisajiliwi. Ukiifunga mashine, hata ndogo ya betri, tayari unatakiwa kuiandikisha. Leseni ya kuvua lakini ni lazima, ya mkazi kwa maji ya chumvi ni kama dola 35 kwa mwaka.

Binamu, pikipiki yako ya majini sijaisahau. Ipo kweli ya kuvulia, kampuni ya Sea-Doo wanatengeneza, ina sanduku la barafu na mahali pa kuchomeka fimbo. Bei yake inapita dola 10,000 kwa mbali. Inakunywa petroli, na ikizimika huko nje huna kafi wala tanga, unabaki kuimba tu. Tuendelee.

Sasa nije kwenye lile ninalolijua kwa kazi yangu. Walinzi wa Pwani wa Marekani hutoa hesabu kila mwaka. Mwaka 2023 watu 564 walikufa kwenye ajali za vyombo vya starehe nchini humu. Kati ya wale ambao sababu ya kifo ilijulikana, 75 katika kila 100 walikufa maji. Na katika hao waliokufa maji, 87 katika kila 100 hawakuwa wamevaa jaketi okozi. Someni tena hiyo namba ya mwisho. Hii ni nchi yenye helikopta za uokoaji na simu inashika karibu kila pembe ya pwani! Sheria inataka kila mtu aliye chomboni awe na jaketi lake, na bado watu wanalifanya mto wa kukalia.

Ubongo ukikosa hewa kwa dakika nne, tano hivi, unaanza kuharibika. Hakuna daktari anayekufikia kwa dakika tano ukiwa nje ya mwamba. Anayekuokoa ni jaketi ulilovaa kabla ya kuanguka. Na nitoe ombi moja la kinesi: mtu akitolewa majini hapumui, msimning'inize kichwa chini, msimminye tumbo eti maji yatoke. Mlazeni chali, inueni kidevu, mzibeni pua, mpulizieni pumzi mdomoni kwanza, kisha mkandamizeni katikati ya kifua kwa nguvu na kwa haraka, mara 30, pumzi mbili, tena na tena, huku mwingine anatafuta msaada. Aliyekosa hewa anahitaji hewa.

Kwa hiyo kwenye bajeti ya chombo kidogo, mimi jaketi naliandika mstari wa kwanza, hata kabla ya chombo. Langu ni la dola 80, lina mifuko ya mbele ya kuwekea vitu, mgongoni halikwaruzi kiti. Filimbi imefungwa hapo hapo begani. Taa nyeupe ninayo kwa ajili ya alfajiri, kwa sababu katikati ya ghuba ile inapita njia ya meli kubwa za kwenda Houston, na nahodha wa meli hakuoni wewe na kayaki yako.

Haya, sasa turudi Pangani, ndiko kwenye ugomvi wetu.

Shemeji, kayaki sikuletei. Siyo uchoyo. Ipitishe kwenye maswali matatu. Kuibeba, sawa. Kupanda tena, sawa. Ikipasuka? Ile plastiki haizibwi kwa kalafati wala msumari, inataka kuyeyushwa na kuunganishwa kwa moto na mtu anayejua, na pwani yetu fundi wa kazi hiyo utamtafuta. Mabomba yenyewe ya meta tatu na ushee kuyasafirisha kwenye kontena kunaweza kuzidi bei niliyonunulia. Halafu wewe siyo mvuvi wa samaki watatu. Unatafuta ada za watoto. Utawapakia wapi changu na kolekole wa kilo 30, mapajani?

Mdogo wangu, na wewe boti yako tuipige hesabu pamoja. Mashine ya farasi 15 ikifunguliwa mpaka mwisho inakunywa kama lita tano hadi saba za petroli kwa saa. Kwenda na kurudi saa nne, ni lita 20 na zaidi kabla hujatupa ndoana. Siku bahari imekunyima, petroli haikunyimi deni. Nani atanunua petroli ya siku ya pili? Nawajua nyinyi, simu itaita huku saa nane za usiku. Na boti ya faiba kuitoa majini ni watu sita, kila mmoja anataka samaki wake. Swali la kwanza tu imeshaanguka.

Kwa maoni yangu chombo kidogo, cha bei nafuu, cha mvuvi mmoja au wawili wa kwetu, kipo tayari na mnakipita kila siku pale ufukweni. Ni ngalawa. Mtumbwi wa gogo, mirengu miwili pembeni, tanga moja. Mirengu ile inaizuia kupinduka, ndiyo kazi ambayo kayaki za huku zinaifanya kwa kuongeza upana. Upepo wa kusi na wa kaskazi haulipiwi. Inabeba mzigo wa maana. Mafundi mnao, miti mnayo, na kijana akiifanyia kazi fundi anajifunza. Huku watu wanatoa mamia ya dola wanunue mirengu ya plastiki kuifunga kwenye kayaki zao, wanaona wamegundua jambo jipya! Mimi nacheka peke yangu.

Najua mtasema ngalawa ni ya wazee, vijana wanataka mashine. Najua pia kwamba mwembe au mkungu mnene wa kuchonga haupatikani kama zamani, na kwamba upepo ukikata mtapiga kafi mpaka mabega yaume. Kweli tupu. Lakini upungufu huo unakuletea uchovu. Mashine bila petroli kwenye mkondo inakuletea msiba. Na sisi ukoo wetu hatuhitaji kufundishwa, kuna kaburi la mjomba ambalo hatukulichimba kwa sababu hatukupata cha kuzika. Chombo chake kilirudi. Kilikuwa kizima, hakina hata ufa.

Basi uamuzi wangu ni huu, mama mdogo naomba uwasomee wote. Kitu cha kwanza kitakachotoka huku ni majaketi okozi matatu, yanakuja na mgeni anayekuja mwezi ujao. Yakifika nataka picha yakiwa yamevaliwa, siyo yametundikwa ukutani. Cha pili, mdogo wangu na shemeji mkae pamoja, mtafute ngalawa nzuri ya kununua au ile ya baba mkubwa itengenezwe, mniletee hesabu ya fundi, tanga na leseni ya halmashauri. Hiyo nitailipa, na nitailipa moja kwa moja kwa fundi, msinune. Ikivuliwa mwaka mmoja ikajilipa, hapo tutazungumza habari ya mashine ndogo, na petroli yake itoke kwenye samaki.

Huo ndio mtazamo wangu, wala sisemi ni msahafu. Mwenye hesabu tofauti aiweke hapa chini tuione sote, ila aanze na yale maswali matatu. Wazee wangu, pokeeni shikamoo yangu. Watoto waambieni shangazi anawabusu. Mimi narudi kulala, kesho zamu ya usiku inaningoja.