Usiombe Wasomaji, Waulize

Ukisema chuoni kwamba unatoka Sumbawanga, subiri swali linalofuata. Halitahusu mahindi wala Ziwa Rukwa. Litahusu radi na wachawi. Hata jina la mji watu hulitafsiri "tupa uchawi", wakacheka, wakaendelea na chai yao. Utani tumeuzoea, hautuui. Shida ni pale mtu anapoitafuta Sumbawanga kwenye simu akakuta utani uleule, kwa sababu sisi tuliosoma hatujaandika kingine.

Ndiyo maana nawaambia wenzangu, hasa tuliotoka mikoani: fungueni blogu. Najua mtasema, "Nani anasoma blogu siku hizi? Watu wako TikTok." Sawa. Lakini status ya WhatsApp inapotea baada ya saa 24, na video uliyoiona juzi leo huipati. Makala inabaki. Mwalimu aliyeko Matai akiitafuta mada hiyo miaka mitatu baadaye, ataikuta.

Kufungua si kazi. Blogger na WordPress wanatoa ukurasa wa kawaida bure, na bando dogo linatosha. Kazi iko wiki ya pili. Mtu ameandika makala tatu, ametupa kiungo kwenye kila grupu la darasa na maneno "jamani naombeni mnisapoti", wamefungua wanne, amekata tamaa. Tatizo ni hilo ombi. Msomaji haji kukusaidia wewe, anafuata kitu chake.

Waliotutangulia walilijua hilo. Ndesanjo Macha alianza blogu yake ya Kiswahili, Jikomboe, mwaka 2004. Mwaka uliofuata mpiga picha Issa Michuzi akaanzisha yake akiwa Helsinki, Finland. Michuzi aliwaita wasomaji wake wadau, nao wakamwita Ankal. Wadau wakatuma picha za harusi na mahafali, taarifa za misiba, salamu kutoka ughaibuni, naye akaziweka. Ukishaona harusi ya dada yako iko pale, kesho utarudi bila kuombwa.

Sasa tuilete Ufipa. Chukua malungu, yale matanuru marefu ya udongo ambayo mababu zetu waliyeyushia chuma. Unaweza kunakili aya sita za kitabu ukamaliza. Au unaandika aya tatu za unachokijua, kisha unauliza: kijijini kwenu kuna lungu lililobaki? Wazee wanasimulia nini kulihusu? Fanya hivyo pia kwa yale matuta ya mviringo tunayofukia nyasi chini ili zioze ziwe mbolea. Kwenu yanaitwaje, na nani bado anayalima? Mtu wa Nkasi akija kukukosoa, mshukuru, rekebisha, na useme wazi kwamba msomaji ndiye aliyekurekebisha. Hapo umepata mdau.

Sisi wa ualimu tunafundishwa hivi kila siku: anza na anachokijua mwanafunzi, uliza, halafu nyamaza usikie. Na daftari lisilosahihishwa humfanya mtoto aache kuandika. Msomaji naye ni hivyo hivyo. Maoni matano yaliyojibiwa yana faida kuliko "like" mia mbili.

Njia ya mkato ipo, na kwetu inajulikana: andika visa vya uchawi. Utapata watu usiku huohuo. Lakini kikongwe anayenyoshewa kidole kijijini hana blogu ya kujitetea. Nchi hii imewahi kuzika vikongwe waliouawa kwa tuhuma kama hizo. Kinachokuletea kicheko bwenini, kwake kinaweza kuleta panga. Wasomaji wa namna hiyo siwataki, hata wawe elfu kumi.

Kuna na sheria. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka wenye blogu wakate leseni, na gharama za mwanzo zilizidi shilingi milioni 2. Bumu la nani linafika huko? Baadhi ya blogu zilinyamaza, na Juni mwaka huohuo JamiiForums ilisimama kwa muda. Kanuni zimebadilishwa mwaka 2020 na 2022, kwa hiyo kabla hujaanza kurusha habari, soma zinazotumika sasa kwenye tovuti ya TCRA. Maoni yangu ni kwamba mwanafunzi anayeandika kuhusu kilimo, lugha na historia ya kwao asidaiwe hata senti. Serikali ya wanafunzi ingekuwa na maana zaidi kama ingelisemea hili, badala ya kutuandalia bonanza lingine.

Lakini tusijifiche nyuma ya ada. Wengi wetu hatujaandika kwa sababu tunasubiri tuwe na wasomaji kwanza. Anza na watu kumi unaowajua: shangazi wa Laela, rafiki wa sekondari aliyebaki Namanyere, mzee mmoja mwenye kumbukumbu nzuri ambaye mjukuu wake atamsomea. Andika kwa Kiswahili chepesi, na picha iwe ndogo isimalize bando la mtu. Weka swali moja la kweli mwishoni, ambalo wewe mwenyewe hulijui jibu lake. Kisha kesho yake rudi ujibu kila aliyekujibu.