Tujihadhari na 'dawa' ya kuosha injini

Mwalimu alipelekapo gari lake gereji kubadilishiwa oili, si ajabu siku hizi kuulizwa na fundi, hata kabla boneti haijafunguliwa vyema, iwapo angependa injini "ioshwe" pia. Fundi huwa ameshika kopo dogo lenye rangi za kuvutia na maandishi ya Kiingereza, na maelezo yake huwa mafupi: gari ni kuukuu, injini imejaa uchafu wa miaka mingi, na dawa hii itautoa wote kwa dakika kumi. Aghalabu mwenye gari hukubali. Nani asiyependa usafi? Nionavyo mimi, jibu limfaalo mwenye gari la umri mkubwa, hasa lile asilojua lilivyotunzwa na waliomtangulia, ni la. Ningependa kueleza kwa nini.

Yamkini msomaji atashangaa mwanaisimu anatafuta nini ndani ya injini. Kisa ni kwamba biashara hii, kwa kiasi kikubwa, hufanyika katika lugha. Neno "dawa" katika Kiswahili lina maana pana mno. Tuna dawa ya malaria, na tuna dawa ya meno, dawa ya viatu, dawa ya mbu na dawa ya panya. Ile ya kwanza huponya, ile ya mwisho huua, na ile ya viatu haiponyi wala haiui, hung'arisha tu. Hata hivyo neno ni lile lile, na heshima ya ile ya kwanza huziambukiza nyingine zote. Kioevu kitiwacho ndani ya injini kikiitwa dawa, msikilizaji huamini kwamba kuna ugonjwa uliokwisha kupimwa na kwamba tiba yake imepatikana. Kitenzi "kuosha" nacho humalizia kazi hiyo. Tunaosha miguu kila siku, na hatujasikia mguu uliodhurika kwa kuoshwa. (Wapo wasemao "kuflashi", neno ambalo vijana walilitumia pia kwa simu iliyokatwa kabla haijapokewa. Tuliache hapo.)

Kilichomo ndani ya makopo mengi ya aina hii si siri. Sehemu kubwa ni kiyeyushi kitokanacho na mafuta ghafi, cha jamaa moja na mafuta ya taa, kilichoongezewa kemikali za kusafisha zifanyazo kazi kama sabuni. Hutiwa ndani ya oili chakavu injini ikiwa na joto, kisha injini huachwa ingurume kwa dakika tano hadi kumi na tano hali gari limesimama. Baada ya hapo oili yote humwagwa, kichujio hubadilishwa, na oili mpya hutiwa. Kabla makopo haya hayajaenea madukani, wapo mafundi waliokuwa wakitia dizeli au mafuta ya taa kwa shabaha ile ile.

Uchafu unaozungumziwa ni wa kweli, wala simwiti fundi mwongo. Oili ikikaa ndani ya injini kupita muda wake, joto na hewa huibadilisha hali. Masizi, mvuke wa maji na petroli isiyoungua hupenya kando ya ringi za pistoni na kuteremka chini. Mchanganyiko huo hatimaye hugeuka tope jeusi, zito, lifananalo na lami. Gari la safari fupi fupi huathirika zaidi, kwa kuwa injini yake haipati joto la kutosha kuukausha unyevu huo. Asubuhi kutoka nyumbani hadi shuleni, mchana shuleni hadi benki, jioni sokoni kisha nyumbani: hilo ndilo gari la mwalimu.

Sasa msomaji na afikirie tope hilo likiwa limejibanza kwa miaka kumi chini ya kifuniko cha vali, na pembeni mwa sampu, yaani lile bakuli la chini ya injini lihifadhilo oili. Kiyeyushi kikali kikilifikia, halimumunyuki lote kwa mara moja mithili ya sukari ndani ya chai. Hulegea, kisha humeguka vipande vipande. Vipande hivyo huteremka hadi kwenye sampu, na huko ndiko uliko mdomo wa pampu ya oili, uliowekewa wavu wa chuma wa kuzuia takataka. Wavu ukizibwa, oili haipandi. Beringi za krenki, ambazo maisha yao yote huelea juu ya utando wa oili mwembamba kuliko unywele, hujikuta chuma kwa chuma. Kichujio kipya hakiwezi kuokoa lolote hapa, kwa maana chenyewe huipokea oili baada ya pampu, na pampu haina cha kukipa.

Isitoshe, katika zile dakika chache za kuoshwa, oili yenyewe huwa imefanywa nyepesi na kiyeyushi, ndiyo sababu maelezo ya makopo hukataza gari kuendeshwa wakati huo. Tena oili ya zamani haitoki yote ikimwagwa. Masalio yake, yakiwa na kiyeyushi ndani, huchanganyika na ile mpya iliyonunuliwa kwa pesa nyingi. Na kuna sili za mpira, ambazo kwa uzee hukauka na kukakamaa. Mara nyingine ni uchafu ule ule uliokuwa ukiziba nyufa zake, na ukiondolewa, gari lililokuwa kavu huanza kudondosha oili.

Namfahamu mwalimu mmoja wa shule ya upili aliyenunua gari lake kwa mkopo wa chama cha akiba. Alikubali injini ioshwe katika gereji ambayo sina haja ya kuitaja. Siku ya tatu taa nyekundu ya oili iliwaka akiwa barabarani, naye akaambiwa kwamba hiyo ni hitilafu ya waya tu. Siku ya tano injini ikaanza kugonga. Sampu ilipofunguliwa, wavu wa pampu ulikuwa umefunikwa na tope kana kwamba umeshonewa kitambaa. Fundi alisema injini ilikuwa "imechoka". Huenda ilikuwa imechoka kweli, lakini hadi wiki ile ilikuwa ikimfikisha kazini. Gari sasa liko juu ya mawe, na mkopo ungali ukikatwa kwenye mshahara kila mwezi.

Wapo watakaonipinga, na hoja yao si ya kupuuzwa. Watasema wameosha injini makumi na hakuna hata moja iliyokufa, tena nyingine zilinyamaza kelele za tapeti. Nakubali kwamba hayo hutokea. Lakini tuulize ni injini zipi hizo. Mara nyingi ni zile zilizobadilishiwa oili kwa wakati, zenye utando mwepesi tu wa uchafu, ambao kiyeyushi huweza kuumumunya bila kuacha vipande. Kinaya cha mambo ni kwamba dawa hii ni salama zaidi kwa injini isiyoihitaji sana, na ni ya hatari zaidi kwa ile inayoihitaji kweli.

Tope la oili haliwasumbui wenye magari makuukuu wa kwetu peke yao. Nchini Marekani, malalamiko yalizidi kuhusu tope katika baadhi ya injini za Toyota za miaka ya 1997 hadi 2002, na mwaka 2002 kampuni hiyo ikatangaza mpango wa kuwarekebishia wateja injini zilizoharibika kwa sababu hiyo. Ahadi iliyotolewa ilikuwa ya matengenezo ya injini yenyewe. Tope likishakomaa, hata aliyeiunda injini huifungua.

Tatizo letu hasa ni kwamba wengi hatubadilishi oili, tunaijazia. Kijiti kikionyesha imepungua, tunanunua lita moja na kuimimina juu ya ile ya mwaka jana, kisha tunajihesabu kuwa tumetimiza wajibu. Na ikibadilishwa, kichujio cha zamani hurudishwa ili kuokoa shilingi mia chache. Hapa pia lugha hutupotosha. Tukiona oili imekuwa nyeusi husema "imechafuka", nasi tukakimbilia kopo la kuosha. Kumbe oili ya kisasa tayari imetiwa kemikali za kusafisha, baadhi zikiwa na kalsiamu au magnesiamu, pamoja na viambato viyakumbatiavyo masizi yasigandamane. Kuwa nyeusi mara nyingi ni ushahidi kwamba oili inatenda kazi yake: masizi yanaelea ndani yake badala ya kunata kwenye chuma. Cha muhimu ni kuimwaga pamoja na mzigo huo kabla uwezo wake haujaisha.

Kwa hiyo anayetaka kuisafisha injini ya zamani anayo njia, ila ni ya polepole. Na atie oili nzuri ya daraja lililopendekezwa na kitabu cha gari, aitumie kwa nusu ya masafa ya kawaida, aimwage, abadilishe kichujio, kisha arudie mara mbili au tatu. Ikiwa amezoea kilomita 5,000, basi na aimwage akifika 2,500. Oili mpya hulilamba tope kidogo kidogo, na kila mara sehemu ya uchafu hutoka nayo. Gharama hupita ile ya kopo moja, sikatai, lakini haikaribii gharama ya ovaholi.

Kuna jambo jingine linalonihusu zaidi kwa kazi yangu. Maonyo yote niliyoyataja, ya muda, ya joto, ya kutoendesha gari, huandikwa katika Kiingereza kwa herufi ndogo sana. Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 kinakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi, na Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari zinazohitajika ili anufaike na bidhaa. Fundi mwenye mikono yenye ujuzi wa miaka ishirini, lakini ambaye Kiingereza chake ni cha kubahatisha, atazipataje habari hizo? Msamiati haukosekani. Mafundi wenyewe wanao: sampu, beringi, ringi, krenki, sili. Walimu wa Kiswahili wangeweza kuwapa wanafunzi wa kidato cha tatu kopo kama hilo wafasiri maelezo yake. Lingekuwa zoezi zuri la tafsiri, na yamkini mzazi mmoja angenusurika na hasara.

Nimeulizwa, je, kuhusu gari lililonunuliwa juzi kutoka kwa mtu, ambalo halina kumbukumbu yoyote ya oili? Kifungue kifuniko cha kutilia oili, umulike ndani kwa tochi. Ukiona chuma chenye rangi ya kahawia tu, badilisha oili mapema na uendelee na safari zako. Ukiona kitu cheupe kama maziwa yaliyoganda, huo ni unyevu, na hapo yafaa gasketi ya silinda na maji ya rejeta yachunguzwe. Ukiona tope jeusi linalochoteka kwa kidole, mwambie fundi aliweke kopo kando, aishushe sampu, na auoshe wavu wa pampu kwa mkono na brashi, wewe ukiwa umesimama hapo unatazama.