Picha Isimkimbize Mwalimu

Wanachuo wengi wanaokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha siku hizi wana simu zenye kamera. Hilo ni jambo la kheri. Zamani mwalimu aliyetaka kuwaonyesha wanafunzi mto, mtambo au mnyama wa mbali alitegemea kitabu kimoja kilichochakaa, au mkono wake mwenyewe kuchora ubaoni. Leo anaweza kupiga picha kumi na mbili kwa asubuhi moja, akazipanga kwenye kompyuta, akazichoma kwenye diski ya DVD, kisha akaionyesha diski hiyo kwa deki na televisheni ya kuazima. Kwa shule isiyo na kompyuta wala intaneti, njia hii bado ina faida.

Hata hivyo, urahisi wa kutengeneza zana usitusahaulishe swali la msingi la kazi yetu: ni nani anayeongoza somo? Maoni yangu ni kwamba diski nzuri ya picha ni ile inayomngoja mwalimu na wanafunzi wake. Diski inayowakimbiza, hata ikiwa imepambwa kwa muziki na maua, haifundishi; inapitisha wakati tu.

Tulinganishe na projekta ya slaidi, kifaa kilichotumika madarasani katika nchi nyingi kabla ya kompyuta kuenea. Kampuni ya Kodak iliacha kuzitengeneza mwaka 2004. Kifaa kile kilikuwa kizito, kilitaka chumba chenye giza, na balbu yake iliungua bila taarifa. Lakini kilikuwa na fadhila moja kubwa: kwa kawaida slaidi haikusogea mpaka mwalimu abonyeze. Mwanafunzi aliponyoosha mkono, picha ilikaa pale pale ikimsubiri. Programu za kompyuta za kupanga picha zimeiondoa fadhila hiyo kimyakimya. Aghalabu zenyewe huipa kila picha sekunde chache tu, na kama mtengenezaji hakubadilisha kitu, ndivyo itakavyochomwa.

Tufanye hesabu ndogo. Picha 12, kila moja ikikaa sekunde 5, huchukua dakika 1 kamili. Kipindi ni dakika 40. Basi mwalimu ameazima televisheni, ameomba deki, ameunganisha nyaya, ili darasa litazame kwa dakika moja! Baada ya hapo atarudia diski mara ya pili na ya tatu, na wanafunzi watashangilia kila mara, lakini ukiwauliza wameona nini watakutajia ile picha ya mwisho. Kumbe kila picha ikipewa dakika 2, picha hizo hizo 12 zinachukua dakika 24, na zinabaki dakika 16 za utangulizi, kuandika na kusahihisha. Hapo pana somo.

Tuchukue mfano wa somo la maji katika mazingira yetu ya Machame. Mwanachuo anataka kuonyesha jinsi maji yanavyoshuka kutoka juu mpaka kwenye kihamba. Atapiga picha ya Kibo na barafu yake, msitu, mto Kikafu au Weruweru, banio la mfongo, mfongo wenyewe ukizunguka kilima, nduwa inayohifadhi maji, na mwisho migomba na mibuni. Akizipanga kwa utaratibu huo, kutoka juu kwenda chini, atadhani amefanya kazi safi. Lakini mwanafunzi anayeona barafu kwanza na mto baadaye, kwa haraka, bila nafasi ya kuuliza, ataondoka akiamini kwamba maji ya mfongo yanatoka kwenye barafu ya Kibo. Hakuna aliyemwambia hivyo. Utaratibu wa picha ndio uliomwambia.

Nayo si kweli. Watafiti wa mlima huu wameonyesha kwamba sehemu kubwa ya maji ya mito na chemchemi zetu hutokana na mvua na ukungu unaonaswa katika ukanda wa msitu. Barafu huchangia kidogo tu. Kati ya mwaka 1912 na 2007 eneo la barafu ya Kilimanjaro lilipungua kwa takriban asilimia 85. Mtoto anayeamini kwamba mfongo wa babu yake unalishwa na barafu atahitimisha kwamba maji yanakwisha na kwamba yeye hana la kufanya, kwa kuwa hakuna awezaye kurudisha barafu. Lakini mtoto anayejua kwamba maji yanatoka msituni ataona kwamba mti unaokatwa juu ya kijiji chake unamhusu. Hayo ni mafunzo mawili yaliyo mbali sana, na yanaweza kutoka katika picha zile zile. Tofauti ni utaratibu wa picha, na ule muda ambao mwalimu anasimamisha picha ya msitu na kuuliza: "Mvua hii inayonyesha hapa inakwenda wapi?"

Kwa hiyo napendekeza kwamba mwanachuo anayetengeneza diski ya picha azingatie mambo yafuatayo.

Kwanza, apange somo kabla ya kupanga picha. Aandike maswali yake kwenye karatasi, swali moja au mawili kwa kila picha. Picha isiyo na swali aiache, hata kama ni nzuri. Katika somo letu la maji, picha ya msitu wenye ukungu ingetangulia, na ya barafu ingekuja mwishoni, kama jambo la kujadili.

Pili, ayape mafaili majina yenye namba za tarakimu mbili: 01, 02, 03, na kuendelea. Mitambo mingi hupanga mafaili kwa kufuata tarakimu moja baada ya nyingine, hivyo picha iliyoandikwa 10 yaweza kutangulia ile iliyoandikwa 2. Mwalimu asiyejua jambo hili atakuta migomba imetangulia mfongo.

Tatu, atofautishe kunakili picha na kutengeneza diski ya video. Ukinakili mafaili ya picha tu kwenye diski, deki nyingine zitayasoma na nyingine zitakataa kabisa. Diski inayokubalika katika deki za kawaida ni ile iliyotengenezwa na programu ya DVD, ambayo hugeuza picha kuwa video na kuzipanga katika sura. Zamani programu ya Windows DVD Maker ilikuja na Windows Vista na Windows 7, lakini haikuwekwa katika Windows 8 iliyotoka mwaka 2012. DVDStyler ni mojawapo ya programu zinazopatikana bila malipo. Ikiuliza mfumo wa televisheni, achague PAL, ambao ndio uliotumika nchini kwetu.

Nne, na hili ndilo kubwa kuliko yote, aipe kila picha dakika 2 na kuifanya kila picha kuwa sura yake. Mjadala ukiisha mapema, mwalimu atabonyeza kitufe cha kwenda mbele kwenye rimoti na picha inayofuata itakuja. Ukirefuka, atabonyeza kitufe cha kusimamisha. Diski moja ya kawaida, yenye ukubwa wa GB 4.7, hubeba video ya saa 2 hivi kwa ubora wa wastani. Dakika 24 hazitaijaza. Muziki usiwekwe. Sauti ya darasa iwe ya mwalimu na wanafunzi.

Tano, maandishi yawe makubwa na yasikaribie ukingo wa picha, kwa sababu televisheni za zamani hukata pembeni. Achome kwa kasi ndogo, aagize programu kuifunga diski mwishoni ili deki iweze kuisoma, na aijaribu kwenye deki ile ile atakayoitumia. Kuijaribu kwenye kompyuta iliyoichoma hakutoshi.

Sita, aombe ruhusa ya wale anaowapiga picha. Mzee anayesimamia zamu za mfongo ni mwalimu pia. Afadhali aelezwe kazi ya picha hiyo, na ikiwezekana aalikwe darasani siku ya somo.

Wapo watakaosema kwamba diski imepitwa na wakati: kompyuta nyingi mpya hazina mahali pa kuingizia diski, na televisheni za kisasa husoma flashi. Ni kweli, na mwenye flashi aitumie. Diski ina ubora wake, kwani ikishafungwa haifutwi kwa bahati mbaya wala haichukui virusi kutoka kompyuta hadi kompyuta. Lakini sioni sababu ya kugombania chombo. Flashi nayo ikiwekwa kwenye televisheni huweza kupitisha picha moja baada ya nyingine bila kumngoja mtu. Sharti ni lile lile kwa vyombo vyote.

Wengine watasema kwamba ni heri kurekodi maelezo kabisa, ili hata mwalimu asiyelijua somo vizuri aweze kuliendesha. Hoja hii ina uzito, hasa pale mwalimu mmoja anapobeba masomo mengi. Lakini sauti iliyorekodiwa haiwezi kusikia swali la mtoto. Kumsaidia mwalimu mwenzako, weka ndani ya jalada la diski karatasi moja yenye maelezo na maswali ya kila picha. Akiisoma usiku, kesho atakuwa ameliandaa somo. Akibonyeza sauti yako, atakuwa ameketi pamoja na wanafunzi wake kama mtazamaji.

Mwisho, umeme hukatika. Kila mwanachuo awe na uwezo wa kuliendeleza somo la picha kwa chaki: achore mlima, msitu, banio na mfongo, kwa utaratibu ule ule na maswali yale yale. Huu ndio mtihani wa kweli wa diski yake. Kama televisheni ikizimika na somo likafa, basi hapakuwa na somo, palikuwa na maonyesho. Kama somo likiendelea ubaoni, wanafunzi wakaendelea kubishana kuhusu maji yanakotoka, basi mwalimu huyo ametengeneza zana, na zana hiyo inamtii.