Diski Nzima Yadhaniwa Imekufa

Wengi wetu hufundisha kompyuta kana kwamba ni sanduku la vipande vya kutajwa majina: hii diski ngumu, huu waya, hiki kibodi. Kwa maoni yangu, mwanafunzi aliyekwisha kuyakariri majina hayo bado hajalianza somo. Baina ya diski na mtumiaji yuko mkalimani asiyeonekana, nayo ni programu ya kuendeshea diski iliyomo katika mfumo wa uendeshaji.

Na tuyatazame yaliyotokea diski za SATA zilipoingia sokoni, yapata mwaka 2003. Diski za IDE zilizozitangulia ziliunganishwa kwa utepe mpana wa nyaya 40, baadaye 80, data ikipita biti 16 kwa mpigo. Kasi ilipozidi, ikawa vigumu biti hizo kufika pamoja. SATA ikaja na waya mwembamba wa nyuzi 7 tu, biti zikifuatana moja moja. Hata hivyo ikabeba megabaiti 150 kwa sekunde, ilhali IDE iliishia 133. (Mwalimu wa fizikia anacho kipindi kizima hapo.)

Programu, lakini, haikubadilika kwa kubadilishwa waya. Windows XP, iliyotolewa 2001, haikuijua lugha mpya ya SATA iitwayo AHCI. Mashine iliyowekwa katika hali hiyo ilikwama kwenye skrini ya buluu, ijapokuwa diski yake ilikuwa nzima kabisa. Sina shaka ziko diski zilizotupwa kwa kudhaniwa zimekufa.

Kwa upande wa Linux, Jeff Garzik alitumia busara ninayoistahi. Hakuandika kila kitu upya. Alichukua tabaka lililokwisha kuwapo la diski za SCSI, kisha akatunga libata, programu inayotafsiri amri za SCSI kuwa amri za ATA. Gharama ilikuwapo: diski iliyoitwa hda iligeuka kuitwa sda, na mashine ambazo mafaili yake ya mipangilio yalitaja jina la zamani hazikuiona diski yao. Dawa yake ilikuwa kuutambua mfumo wa mafaili kwa namba yake wenyewe badala ya kutegemea tundu ulikochomekwa waya. Programu za zamani za IDE ziliondolewa katika Linux 5.14, mwaka 2021. Lakini diski zenyewe hazikuachwa yatima, kwa kuwa libata ilikuwa imekwisha kujifunza kuziendesha nazo.

Ndiyo maana nasema shule iliyopewa kompyuta kuukuu isikubali upesi hukumu ya fundi kwamba diski ni mbovu. Kwanza mipangilio ya mashine ikaguliwe: je, imewekwa AHCI au IDE? Kisha iwashwe kwa Linux ya leo kutoka diski mweko, na mwanafunzi mmoja aandike amri ya lsblk mbele ya wenzake. Akiiona sda juu ya utepe wa nyaya 80, mwalimu asimjibu haraka kwa nini.