Usiape Kabla Hujatembea Windhelm

Tangu gemu la The Elder Scrolls V: Skyrim litoke tarehe 11 Novemba 2011, wachezaji wake hawajaacha kugombania swali moja: katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, uingie upande gani? Uape mbele ya Jenerali Tullius wa Jeshi la Dola kule Solitude, au uwafuate waasi wa Stormcloak chini ya Ulfric, Jarl (mtawala) wa Windhelm? Hoja anazopewa mchezaji mpya ni zilezile miaka yote, na nyingi hazisimami ukizipima kwa yale ambayo gemu lenyewe linakuonyesha.

Ya kwanza husemwa kwa hasira: Jeshi la Dola lilitaka kukukata kichwa, kwa hiyo hakuna cha kujadili. Ni kweli gemu linaanza umefungwa mikono kwenye mkokoteni unaoelekea Helgen, na kapteni anaamuru uuawe ingawa jina lako halimo kwenye orodha. Lakini anayemwambia kapteni kwamba jina lako halimo ni Hadvar, askari wa jeshi hilohilo, na ndiye anayekuomba radhi. Joka Alduin linaposhuka, unaweza kukimbia na Hadvar au ukamfuata Ralof wa Stormcloak. Vyovyote utakavyochagua unafika kijiji kimoja, Riverwood. Hadvar anakupeleka kwa mjomba wake Alvor, mhunzi. Ralof anakupeleka kwa dada yake Gerdur, mwenye kinu cha mbao. Nyumba zote mbili zinakukaribisha, na zote zinakuomba jambo moja: nenda Whiterun ukamwarifu Jarl habari za joka. Anayeamua vita vyote kwa amri ya kapteni mmoja anamsahau Hadvar, na anamsahau Alvor.

Dai la pili lina uzito, nami nalipa haki yake: Ulfric anapigania uhuru wa kuabudu. Mkataba wa White-Gold, uliomaliza Vita Kuu kati ya Dola na utawala wa Waelfu wa Thalmor mwaka 175 wa Enzi ya Nne, ulipiga marufuku ibada ya mungu Talos. Leo unakutana barabarani na Thalmor wakimswaga mfungwa kwa sababu ya imani yake. Hiyo ni dhuluma, na asiyeiona dhuluma hiyo hajacheza kwa makini. Mwaka 176 Ulfric aliukomboa mji wa Markarth kwa ahadi kwamba Talos ataabudiwa hadharani, kisha ahadi ikavunjwa naye akatiwa gerezani. Uchungu wake una sababu.

Tatizo ni alichokifanya na uchungu huo. Nenda ikulu ya Solitude ukazungumze na Sybille Stentor, mchawi wa pale. Atakueleza kwamba Mfalme Mkuu Torygg alimheshimu sana Ulfric, na kwamba laiti Ulfric angemwomba ajitenge na Dola, huenda angekubali. Hakuombwa. Aliangushwa na Ulfric kwa nguvu ya Sauti, yaani uchawi wa maneno, ndani ya mji wake, akamwacha mkewe Elisif mjane. Halafu elekea mashariki hadi Windhelm kwenyewe. Ukiingia langoni mara ya kwanza unamkuta Rolff Stone-Fist akimtisha mwanamke wa Kidunmer (Elfu mweusi) na kumwita jasusi. Rolff huyo ni ndugu wa Galmar, mkono wa kulia wa Ulfric. Wadunmer wamesongamana katika mtaa wa Gray Quarter. Waargonia, jamii ya watu-mijusi, hawaruhusiwi hata kulala ndani ya kuta, makao yao ni bandarini. Mzee Brunwulf Free-Winter, Mnord (mwenyeji wa Skyrim) aliyepigana Vita Kuu, anasema wazi: kijiji cha Wanord kikivamiwa, Ulfric hupeleka askari upesi, wakivamiwa Wadunmer, Waargonia au msafara wa Wakhajiit (watu-paka), hapelekwi mtu. Basi huo uhuru unaopiganiwa ni wa nani?

Wapo wanaotoka hapo na kuhitimisha kwamba Jeshi la Dola ni safi. Si kweli. Likiichukua Riften, linamkabidhi Maven Black-Briar, ambaye tayari anaushika mji kwa fedha na kwa chama cha wezi. Misafara ya Wakhajiit inazuiwa nje ya malango hata ya miji iliyo tiifu kwa Dola. Stormcloak nao, wakiichukua Markarth, wanamtawaza Thongvor wa ukoo wa Silver-Blood, ukoo ambao wafungwa wanachimba fedha katika mgodi wake wa Cidhna.

Dai linalosomwa vibaya kuliko yote ni kwamba Ulfric ni kibaraka wa Thalmor. Watu wanalitoa katika jalada lililomo kwenye ubalozi wa Thalmor, kisha hawalisomi hadi mwisho. Ni kweli jalada linamtaja kama mtu wa manufaa kwao, lakini linasema pia kwamba hakubali kuwasiliana nao moja kwa moja, na kwamba hata ushindi wa Stormcloak hawautaki. Wanachotaka ni vita viendelee. Ukilisoma hivyo, swali linabadilika: ni upande gani utakaoiacha nchi ikiwa na nguvu ya kuwakabili Thalmor vita vikiisha?

Kuhusu wanaochagua kwa mavazi na silaha, maneno machache yanatosha. Misheni zinafanana: Rikke wa Jeshi la Dola anakutuma ngome ya Hraggstad, Galmar anakutuma kisiwa cha Serpentstone, halafu pande zote zinakupeleka Korvanjund kutafuta taji la kale. Wala si kweli kwamba lazima uamue mapema. Unaweza kwenda na hadithi kuu hadi kwenye mazungumzo ya amani ya High Hrothgar bila kuapa popote. Hata ukishaapa, taji lile unaweza kulipeleka upande wa pili. Baada ya hapo mlango unafungwa.

Mimi nasimama na Jeshi la Dola, pamoja na aibu ya mkataba wake. Wewe usiape kwa ajili yangu. Pita kwanza Gray Quarter, shuka bandarini, msikilize Brunwulf, kisha ujue hili: Dola ikishinda, Jarl mpya wa Windhelm ni yeye.