Neno la haki jukwaani, na ukimya wetu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola Mlezi wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Wazazi wenzetu huuliza: vijana wetu wanapomsifu mwimbaji wa Ulaya kwa kuinua bendera ya Palestina mbele ya mataifa, tuwakemee au tufurahi nao? Swali hili ni zito, kwani linagusa maadili ya watoto wetu na haki ya wanaodhulumiwa kwa pamoja.

Tarehe 18 Mei 2019, ndani ya mwezi wa Ramadhani, fainali ya shindano la nyimbo la Eurovision ilifanyika Tel Aviv. Kundi kutoka Iceland liitwalo Hatari, jina ambalo kwa lugha yao lina maana ya mwenye chuki wala si hatari ya Kiswahili chetu, lilikuwa likisubiri kura za watazamaji. Kamera zilipowaelekea, vijana wale wakakunjua vitambaa vyenye rangi za bendera ya Palestina. Ukumbini wakazomewa. Mwezi Septemba, Umoja wa Utangazaji wa Ulaya unaosimamia shindano hilo uliitoza televisheni ya taifa ya Iceland faini ya Yuro 5,000, kwa hoja kuwa kanuni zinakataza siasa jukwaani.

Lakini katika shindano hilohilo, mwaka 2016 mjini Stockholm, mshindi alikuwa Jamala wa Ukraine. Wimbo wake, uitwao 1944, ulihusu Watatari wa Crimea, Waislamu waliong'olewa makwao kwa amri ya Stalin kuanzia tarehe 18 Mei ya mwaka huo, wakapakiwa katika mabehewa ya mizigo hadi Asia ya Kati. Maelfu kwa maelfu walikufa njiani na ugenini. Wakubwa wa Urusi, nchi iliyokuwa imeitwaa Crimea mwaka 2014, walilalamika kuwa hiyo ni siasa. Waandaaji wakaamua kwamba wimbo haukuvunja kanuni.

Mwaka 2022 Urusi iliondolewa shindanoni kwa kuivamia Ukraine. Mwaka 2024 mjini Malmö, Israel ilishiriki huku Gaza ikiteketea, na mwimbaji wa Uswidi Eric Saade, ambaye baba yake ana asili ya Palestina, alipofunga kitambaa cha Kipalestina mkononi, waandaaji walitangaza masikitiko yao. Kwa mtazamo wetu, mizani hiyo haiko sawa.

Sasa turejee kwa vijana wetu. Hatutawaambia kwamba vijana wa Hatari, na mavazi yao ya ngozi na minyororo, ni kigezo chema. Kigezo chetu ni Mtume (S.A.W.). Lakini pia hatutawaambia kuwa neno la haki hugeuka batili kwa sababu ya mdomo uliolitamka. Mtume mwenyewe alimwekea mshairi Hassan bin Thabit mimbari msikitini, autetee Uislamu kwa ulimi wake. Na Surat Shuaraa, baada ya kuwakemea washairi, humalizia kwa kuwatoa katika lawama hiyo walioamini, wakatenda mema, wakamkumbuka Allah kwa wingi, na wakajitetea baada ya kudhulumiwa. Basi tuipokee haki, na jukwaa tuwaachie wenyewe.

Lipo jambo la pili, nalo ni chungu zaidi. Mwimbaji yule alijua atazomewa, akainua kitambaa chake. Sisi wenye mimbari kila Ijumaa tumeinua nini? Palestina tunaitaja, na tunafanya vyema. Lakini Darfur je? Tangu mwaka 2003, na tena baada ya vita vya Sudan kuzuka Aprili 2023, wanaouawa huko ni Waislamu, na wanaowaua nao ni Waislamu. Ni khutba ngapi tumewasikia wakitajwa? Surat Nisaa, aya ya 135, inatuamrisha kusimamia uadilifu hata dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Anayelaumu mizani ya Ulaya hana budi kuisafisha mizani yake kwanza.

Kwa hiyo, mzazi mwenzetu, mwanao akikuonesha picha ya bendera ile, usimfokee, wala usiishie kumpigia makofi. Keti naye. Msimulie Palestina, msimulie Crimea, msimulie na Darfur. Mfundishe kwamba dhulma ni dhulma, awe anayeitenda ni adui yetu au ndugu yetu. Akilielewa hilo nyumbani, hatahitaji mwimbaji wa kumsemea.

Tunamuomba Allah (S.W.) azinyooshe ndimi zetu katika haki, na awanusuru waliodhulumiwa popote walipo. Amin.