Shaka Iendayo Kuona



Wapendwa waamini, Mtume Tomaso tumemzoea kama mfano wa mwenye shaka. Twasahau kwamba alitaka kuyaona majeraha, na alipoyaona akakiri imani yake bila kusita.

Mwenye shaka wa namna hiyo alikulia jirani yetu. Mohamed Amin, mpiga picha za habari za televisheni, Mwislamu, alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam na kuanzia kazi huko. Mwaka 1984 serikali ya Ethiopia ilisherehekea miaka 10 ya mapinduzi huku njaa ikifichwa. Amin hakutosheka na taarifa za wakubwa. Akiwa na Michael Buerk wa BBC alifika Korem, akawapiga picha waliokuwa wakifa. Picha hizo ziliporushwa Oktoba 23, ulimwengu uliamka ukatoa msaada. Mwaka 1991 mlipuko wa Addis Ababa ulimkata mkono, naye akarudi kazini. Akafariki mwaka 1996 katika ndege iliyotekwa na kuanguka Komoro.

Nasi wa Bagamoyo je? Simu ikituletea habari kwamba jirani ni mwizi au mchawi, twaisambaza papo hapo, bila shaka yoyote. Tukiambiwa jirani ana njaa, hapo ndipo twadai ushahidi, tena tumekaa barazani.

Shaka ya kweli huinuka ikabisha hodi. Juma hili twende tukaone. Na tukikuta jeraha, tusirudi kimya.

Mungu awabariki.